Majibu ya Mashine ya Mbali

Honi ya Bruce ilikuwa fupi, mara mbili, honi ya mtu anayejua atafunguliwa. Kila jioni ilipolia, mzee Usumani Munyakazi aliiacha cherehani yake, akavaa kandambili, akakatiza ua na kulivuta geti mpaka gari lipite. Hakuna aliyemwajiri kufungua geti. Yeye alikuwa fundi nguo, na wanawake wa Kabuga walioolewa wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake ni wengi. Alifungua, kama alivyopenda kusema mwenyewe, kwa adabu tu, kwani hukai ndani ya ua wa mtu ukamwacha mwenyewe ananyeshewa nje.

"Karibu, mwanangu Bruce," alisema kila mara, na Bruce alimpungia mkono kupitia kioo.

Ua huo ulikuwa Masaka, pembezoni mwa Kigali, upande ule ambao mashamba ya mihogo yanageuka viwanja kila ukipepesa macho. Mbele ilikaa nyumba kubwa ya Bruce na mkewe Trinah. Nyuma ilikuwepo aneksi, vile vyumba viwili ambavyo wenye uwezo Kigali huwajengea watumishi na magunia ya mkaa. Ndimo alimokaa Usumani na mkewe Mukunde na binti yao Kaze, tangu mvua ilipoiangusha nyumba yao. Bruce alikuwa bosi wa Kaze kazini. Aliposikia habari ya nyumba alisema njooni mkae kwangu, kodi msinitajie, na kweli hakuitaja hata mara moja.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bruce hakumpa mtu jembe. Jembe lilikuja lenyewe. Lilikuja kwa sura ya mapazia ya Trinah ya kupindwa, maana cherehani si iko hapahapa. Likaja kwa sura ya hotpoti ya wali uliobaki, ambayo ilitakiwa irudi jikoni imeoshwa. Likaja kwa sura ya honi.

"Huyu mtu hatudai kitu," Usumani alimwambia mkewe kila alipomwona amenuna.

"Ndiyo tabu yake," alijibu Mukunde. "Anayekudai unamlipa, unaondoka."

*

Kazi ya Kaze ilikuwa ngumu kuieleza nyumbani. Baba yake aliwaambia wateja kwamba binti yake anaongea na mashine za Ulaya, na hakuwa mbali na ukweli. Mashine za kwanta, kompyuta za aina mpya kabisa, ni chache duniani na zinakaa nchi za mbali, ndani ya baridi isiyosemeka. Mtu wa Kigali anayezitaka huzitumia hesabu zake kwa mtandao, kisha anasubiri foleni kama wengine. Tena kila mtengenezaji ana lugha yake, hivyo hesabu iliyoandikwa kwa mashine hii, ile nyingine haielewi kitu. Kampuni ya Bruce, watu wachache waliopanga ghorofani juu ya duka la mabati pale Kabuga, ilitengeneza kiongezi cha programu cha kuondoa tabu hiyo. Walikiita Iteme, yaani daraja. Unaandika saketi yako mara moja, ile mipango ya hesabu, unataja jina la mashine unayoitaka, Iteme inatafsiri na kutuma, majibu yanarudi. Ukitaka mashine nyingine unabadilisha jina tu.

Sehemu kubwa ya Iteme iliandikwa na Kaze. Na humo ndani aliweka jambo dogo ambalo mtu wa nchi za umeme usiokatika asingeliwaza. Akiwa Masaka, bando likiisha au mvua ikiuzima mtandao, kazi yake yote ilisimama. Basi akaiagiza Iteme hivi: ukiikosa mashine ya mbali, usisimame, ipige hesabu hiyohiyo humu ndani ya kompyuta kwa kutumia kiigizi, ile programu inayojifanya mashine ya kwanta. Na ili ukurasa wa majibu usivurugike, majibu yabaki na jina la mashine iliyoombwa. Alidhamiria kuiondoa mistari hiyo ya programu kabla kazi haijatoka nje. Kisha ikaja ile mvua, wakabeba magodoro yaliyolowa, wakahama, na Kaze akaisahau kama fundi anavyosahau pini ndani ya nguo ya mteja.

Pini huchoma siku ya kuvaa. Kampuni moja ya maghala huko Masoro ilikuwa inatafuta njia bora ya kupanga safari za malori yake, na Bruce aliwapelekea majibu ya majaribio. Yalikuwa safi ajabu, kila njia imekaa mahali pake, na juu kabisa limeandikwa jina la mashine ya ng'ambo. Wakubwa wa Masoro walifurahi. Walisema wakiona kwa macho yao saketi ikienda na majibu yakirudi, watasaini mkataba.

Jumapili Kaze alikaa kitandani na kompyuta mapajani akijiandaa. Alituma saketi, majibu yakarudi haraka, jina la mashine likiwa juu. Akataka kumtumia mwenzake ujumbe, simu ikakataa. Bando lilikuwa limeisha tangu asubuhi. Alicheka kidogo kwanza. Kisha akaelewa kilichomchekesha, akayakumbuka yale majibu safi ya Masoro.

Jumatatu alifika ofisini kabla ya wengine, akazima ile mistari na kuituma saketi ya Masoro kwenye mashine yenyewe. Ilikaa foleni mpaka mchana. Majibu yaliporudi yalikuwa mchele uliojaa mawe: njia nzuri zimo, mbovu zimo, huwezi kutenganisha. Mashine za kweli bado zinakosea hivyo. Kiigizi hakikosei, lakini nacho kina kikomo. Malori yakiwa machache kama yale ya majaribio kinaweza, yakiingia yote ya Masoro kompyuta inazidiwa na kulala. Ina maana kitu walichokuwa wanawauzia watu hakikuwepo popote, si ng'ambo wala Kabuga.

*

Bruce alimsikiliza mpaka mwisho, akizungusha ufunguo wa gari kidoleni. Alikulia Kampala, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule, cha haraka kisichojali.

"Nani anajua hii kitu?"

"Mimi. Na sasa wewe."

"Basi iko sawa."

Kaze akasema haiko sawa, kwamba ataiondoa ile mistari na wawaeleze watu wa Masoro yaliyotokea. Bruce hakupandisha sauti. Alimweleza polepole, kama mtu anayemfundisha mdogo wake, kwamba hizi mashine zinakua, mwakani zitakuwa nzuri, na wao wanashikilia nafasi tu wasije wakaichukua wengine. Mkataba ukianguka, ofisi inafungwa. Nani atamwajiri Kaze, ambaye jina lake ndilo limeandikwa juu ya hiyo mistari? Yeye Bruce hakuandika hata mmoja. Hilo alilitaja bila ubaya, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Halafu akabadilisha mazungumzo.

"Mzee anaendelea aje? Ile kifua yake na hii baridi?"

"Anaendelea vizuri."

"Mwambie avae. Ile aneksi chini iko sementi tupu, mimi najua."

Hakuitaja nyumba zaidi ya hapo, na hapakuwa na haja. Kaze alirudi mezani kwake, akaiwasha tena ile mistari. Alijiambia ni kwa siku mbili tatu tu, mpaka apate la kufanya.

*

Jioni hiyo aliwaeleza wazazi wake. Walikuwa wamekaa mkekani, chakula kimekwisha, cherehani imefunikwa shuka. Hakutumia maneno makubwa. Alisema majibu yaliyopelekwa Masoro yamevaa jina la mashine ambayo hayakutoka kwake, na Bruce anataka Ijumaa asimame mbele ya mgeni ayaonyeshe tena hivyohivyo.

Mukunde hakungoja. "Sema ukweli. Njia ya mwongo fupi."

"Na tukilala nje?" Usumani aliuliza.

"Tutalala nje. Tulikwisha kulala."

"Wewe unasema hivyo kwa sababu una hasira na hotpoti za Trinah."

"Nina hasira na zaidi ya hotpoti," alisema Mukunde, na akamtazama mumewe miguuni, zilipokuwa zile kandambili za getini. Usumani akaivuta miguu yake chini ya kanzu.

Akamgeukia binti yake. Alikuwa mtu mwenye maneno, mwenye kutania wateja mpaka wakasahau kulalamika, lakini siku hiyo maneno yalimtoka moja moja.

"Lakini imejibu, si imejibu?"

"Imejibu, baba. Ila siyo yenyewe."

"Mteja akija kwangu anataka gauni. Haniulizi nimeshonea cherehani gani."

"Huyu ameuliza," alisema Mukunde.

"Mama Kaze, niache niongee na mwanangu." Akakohoa, akapangusa mdomo kwa kiganja. "Kaze, sikia. Mimi ile cherehani nimeibeba mgongoni, maji yamenifika hapa kiunoni, nikasema Mungu akinipa mahali pa kuiweka sitaihamisha tena. Nimechoka kuhama. Mama yako anaweza, yeye ana moyo. Mimi sina tena. Hiyo Ijumaa ipite tu. Nakuomba."

Kaze aliinamisha kichwa. Baba yake aliwahi kumwamuru, kumgombeza, kumcheka mbele ya watu, kumwombea dua. Kumwomba, hapana. Aliona aibu kana kwamba amefungua mlango akamkuta anavaa, na kwa aibu hiyo akasema ataangalia la kufanya. Mukunde alikusanya sahani. Hakusema tena jambo hilo, si siku ile wala zilizofuata.

*

Mgeni wa Ijumaa alikuja peke yake. Aliitwa Ingabire, mwanamke wa makamo aliyekulia Bukoba, msimamizi wa malori ya Masoro. Alipogundua Kaze ni mtoto wa nyumba ya Kiislamu na Kiswahili ndicho cha nyumbani kwao, alifurahi kama aliyekutana na ndugu, na tangu hapo hakutaka lugha nyingine.

"Mimi haya mambo siyajui, dada yangu, nakuambia ukweli," alimwambia wakati Bruce anatafuta kiti kizuri. "Wakubwa wangu walikuwa hawataki. Mimi ndiye niliyewaambia hawa vijana tuwajaribu. Kwa hiyo nimeliweka shingo langu hapo mezani kwako." Akacheka, akampiga Kaze begani.

Kaze naye akacheka. Angefanyaje.

Mvua ilianza Bruce akiwa katikati ya maelezo. Kwenye yale mabati yaliyorundikwa chini dukani ilipiga kelele mpaka ikabidi apaze sauti. Kaze aliitazama ruta ya mtandao ukutani. Taa yake ya kijani ilicheza kidogo, kisha ikawa nyekundu. Bruce aliiona pia. Macho yao yakakutana, na Bruce akatabasamu.

"Kaze, tuma," alisema.

Kaze akaweka kidole. Alijua kabisa kwamba kama ile mistari isingekuwepo, kompyuta ingesema mashine haipatikani, na mvua ingemsemea yale aliyoshindwa kuyasema. Wangengoja, wangekunywa chai, siku ingeahirishwa. Lakini aliiandika mwenyewe, na aliiandika vizuri. Akabonyeza. Majibu yakaja, safi, kila lori na njia yake, na juu kabisa jina la mashine ya ng'ambo.

Bruce alipiga makofi. "Hata na hii mvua!" alisema. "Umeona? Hata na hii mvua."

Ingabire alitaka wakubwa wake waone palepale. Alinyanyua simu, akapiga picha ya ukurasa, akaituma. Akangoja. Akainyanyua simu juu, akasogea dirishani, akarudi.

"Picha yangu haiendi," alisema. "Hii simu nimeiunga na mtandao wenu hapa."

Akaitazama ruta. Kisha akaitazama kompyuta. Hakuwa mtu wa mashine, lakini alikuwa ameishi na madereva miaka mingi, na anayeishi na madereva hulijua lori linalodaiwa kufika kabla halijaondoka. Hakumuuliza Bruce. Alivuta kiti akakaa karibu na Kaze, sauti akaiteremsha.

"Mtandao ukiwa umekufa, haya yametoka wapi?"

Bruce alisogea dirishani akawapa mgongo, kama mtu anayetazama mvua. Alimwachia Kaze pale. Kaze aliyaona maneno yake yote, ya kweli, mafupi, yangeisha kwa pumzi moja: yametoka humuhumu. Aliona pia sementi tupu ya aneksi, na mzee aliyekaa juu yake na miguu imefichwa chini ya kanzu.

"Yalikuwa yameshatoka kule," alisema. "Mtandao umekatika yakiwa yanafika."

"Kwa hiyo yametoka kwenye mashine yenyewe?"

"Ndiyo."

"Unaniambia wewe, Kaze."

"Ndiyo, mama."

Ingabire alimwangalia. Kaze hakuwa amemwita mama tangu afike. Walikuwa wanaitana dada. Kisha akaitia simu kwenye mkoba, akasema basi sawa, yeye ameuliza na amejibiwa, akaomba kalamu asaini.

Kaze alishuka ngazi akasimama chini ya varanda ya duka la mabati, watu wanapita na mifuko ya plastiki kichwani. Alifikiri kwamba sasa ile mistari haiwezi kuondolewa tena. Mpaka siku malori yote ya Masoro yatakapoingizwa na kompyuta ikalala, ataishi ndani ya mistari ile, na siku hiyo ikifika, shingo litakaloangaliwa kwanza si la Bruce.

*

Wiki iliyofuata Bruce alikuja mwenyewe mpaka mlangoni pa aneksi, jambo asilozoea kulifanya. Mkononi alibeba kitambaa kizito cha bluu. Alimsalimia Mukunde kwa heshima, akamwambia Usumani kwamba mambo yameenda vizuri, kwamba Kaze ni almasi, na kwamba wageni wakubwa sasa watakuwa wanakuja nyumbani kula chakula. Haipendezi, alisema akicheka, wakute geti linafunguliwa na mtu wa kandambili.

"Mzee, wewe ni fundi, jishonee. Suruali, shati, na koti ya baridi. Halafu kila mwisho wa mwezi tunakuona. Si unafungua tu siku zote? Sasa iwe kazi."

Usumani alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea, akashukuru. Aliendelea kushukuru Bruce akiwa amekwisha kufika uani. Mukunde aliingia chumba cha ndani na pazia likaanguka nyuma yake.

Umuzamu, ndivyo Kigali wanavyomwita mlinzi. Kazi ya mlinzi si aibu, na Usumani alikuwa amewashonea sare walinzi wengi wa Masoro, akawatania, akawapunguzia bei. Alikaa na kile kitambaa mapajani akikipapasa ukingo. Kilikuwa kizuri, cha kudumu.

Siku aliyoamua kukikata alimwita Kaze, kwa kuwa fundi hajipimi mwenyewe. Alisimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha, na Kaze akazungusha tepu kifuani mwake. Hakuwahi kumpima baba yake. Hakujua kwamba kifua kile, alichokuwa akilala juu yake utotoni, kilikuwa kimebaki hivyo.

"Pima vizuri," alisema Usumani. "Isije ikabana."

"Baba. Ijumaa ile, yule mama aliniuliza. Nikamwambia ndiyo."

"Najua."

"Alikuwa mtu mzuri."

"Umefanya vizuri, mwanangu," alisema Usumani, lakini aliusemea ukuta. "Mimi ndiye niliyekuomba. Kosa liwe langu."

Kaze alitaka kumwambia kwamba haligawanyiki hivyo. Honi ikalia getini, mara mbili, fupi.

Hakuna aliyetikisika. Usumani alikuwa bado ameinyoosha mikono, tepu imemzunguka. Kaze akaifungua taratibu, akamwekea shingoni.

"Kaa, baba. Leo nafungua mimi."

Akakatiza ua kabla hajajibiwa. Komeo lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Alilivuta geti mpaka mwisho, akasimama kando, njia ikawa wazi kabisa. Gari halikuingia. Kioo kilishuka, na Bruce akatoa kichwa akitabasamu, kwa upendo hasa, kama kaka.

"Ah, Kaze, wewe hapana. Wewe ni injinia wangu. Mzee iko wapi?"

"Geti liko wazi, Bruce. Pita."

"Naona. Lakini ni kazi yake, au?"

Gari likabaki pale linanguruma. Kaze akabaki ameshika chuma cha geti, hakujua alifunge au aliachie. Nyuma yake akasikia kandambili zikija mbiombio juu ya kokoto. Usumani alifika akihema, tepu ikimning'inia shingoni, na akaliondoa geti mkononi mwa binti yake kidole kwa kidole.

"Niko hapa, bosi," alisema.

Gari likaingia.